Kangaja Anaumwa na Tangi Bado Jipya: La Kufanya Kuanzia Usiku Huu

Ukimkuta samaki wako amejibanza pembeni, mapezi ameyakunja, anahema kama aliyetoka mbio, kwanza iweke chini hiyo chupa ya dawa. Najua ilivyo. Tangi la maji ya chumvi umelingojea kwa miezi, samaki umemnunua kwa bei, watoto wameshampa jina, na mkono unawasha kufanya lolote. Lakini katika tangi ambalo halijatimiza miezi miwili, mara nyingi sana samaki hana ugonjwa. Maji ndiyo yanayomuumiza, na dawa ikitiwa juu ya maji mabaya inamwongezea mzigo.

Nililijua hili hapa Malindi kupitia kangaja wa buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la mgongoni la manjano. Siku ya tisa aliacha kula. Nikamtilia dawa, kesho yake nikaongeza. Jioni ami yangu, mvuvi wa Mayungu, akaja kunitembelea, akainama juu ya tangi na kunusa. "Mwanangu, maji haya hayanuki bahari," akasema. Ndipo nikapima. Amonia ilikuwa imepita miligramu 1 kwa lita. Alfajiri kangaja alikuwa amelala ubavu, na hakuinuka tena.

Ninayoandika hapa ndiyo niliyotakiwa kuyafanya usiku ule, kwa mpangilio wake.

Kwanza: pima maji kabla ya kumgusa samaki

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kilichobaki kikioza kinaongeza. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi juu ya mawe, mchanga na sponji. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huistahimili vizuri zaidi. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka, na huwezi kuwaharakisha kwa kumtia samaki mapema. Ukimtia, yeye ndiye anayeishi ndani ya sumu wakati wao wanakua.

Nunua vipimo vya matone. Vikikosekana mjini, agiza Mombasa au Nairobi, na uagize leo tangi likiwa zima. Soma hivi (amonia, nitriti na nitreti ni kwa miligramu kwa lita):

- Amonia: iwe sufuri. Ikifika 0.25 ana shida tayari.
- Nitriti: iwe sufuri pia, ingawa chumvi ya bahari inamkinga samaki kiasi. Usishtuke kama ungeshtuka kwa amonia.
- Nitreti: ikiwa chini ya 20, vizuri.
- pH: kati ya 8.1 na 8.4.
- Chumvi: 1.025 kwenye refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, sawa na gramu 33 hadi 34 kwa kila kilo ya maji.
- Joto: nyuzi 25 hadi 28.

Angalia amonia pamoja na joto na pH, usiisome peke yake. Maji yakiwa ya moto na pH ikiwa juu, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile inayopenya matamvua. Kipimo ambacho kisingemsumbua samaki wa bwawa la maji matamu kinaweza kumuua kangaja wako mwezi wa Machi.

Chumvi nayo hutuponyoka huku pwani kwa sababu ya joto na upepo. Maji hukauka, chumvi hubaki, na tangi lisipotazamwa wiki moja linakuwa na chumvi kupita bahari. Kilichokauka ni maji matupu, kwa hiyo kifidie kwa maji matamu. Ukijazia maji ya bahari unaongeza chumvi juu ya chumvi.

Pili: badilisha maji, na ujue umeyachota wapi

Amonia ikionekana, toa kati ya theluthi na nusu ya maji, uweke mengine yenye joto na chumvi sawa na ya tangini. Kesho pima tena, ikibidi rudia. Punguza chakula: mpe kidogo mara moja kwa siku, na kilichobaki baada ya dakika tano kitoe.

Sisi wa Malindi tuna neema ambayo mfugaji wa Nairobi anaililia. Yeye anakoroga chumvi ya paketi, wewe bahari unaisikia kitandani. Ila bahari yetu ina tabia zake. Mto Galana, tunaouita Sabaki ukikaribia pwani, unamwaga tope lake kaskazini mwa mji. Upepo wa kaskazi ukivuma, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, yale maji mekundu husukumwa kuja upande wetu. Kusi ikishika, hupelekwa zaidi upande wa Ngomeni. Ukichota mbele ya mji siku ambayo maji yana rangi ya chai ya maziwa, umechota udongo wa bara na maji matamu ya mto, na refraktomita itakuonyesha chumvi imeshuka.

Nenda kusini, Mayungu au mbele kidogo. Chota maji yakiwa yamejaa, kwa sababu yanayoingia wakati huo yametoka bahari kuu, na yanayopwa yanaondoka na uchafu wa ufuoni. Ukimpata mvuvi anayetoka nje ya mwamba akujazie mitungi miwili ya lita 20, mlipe bila kubishana, maji yake ni bora kuliko utakayoyapata ukiwa umesimama ufuoni. Mitungi iwe mipya au iliyobeba maji tu, kamwe isiwe iliyowahi kubeba mafuta ya taa au sabuni.

Chuja maji kwa kitambaa kizito, kisha yaache yamefunikwa gizani wiki mbili. Maji mabichi ya bahari yanaweza kuja na vimelea, na vile vinavyoogelea visipompata samaki hufa njaa. Kabla ya kuyatumia, yapigie hewa usiku mzima. Ndiyo maana mwenye tangi huku awe na mitungi kama sita iliyojaa kila wakati. Siku samaki anapougua huna wiki mbili za kungoja.

Na kwa vile nimetaja bahari: hifadhi ya bahari ya Malindi inalindwa tangu 1968, na ndani yake hairuhusiwi kuokota jiwe, kombe wala samaki. Hata nje ya hifadhi, kukamata samaki wa mapambo kunahitaji leseni. Ukiuziwa samaki, muulize muuzaji alivyompata. Samaki aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu huja na kibofu cha hewa kilichovimba, akaelea kichwa chini, na hakuna dawa ya chupa itakayomsaidia.

Tatu: hewa na ubaridi

Maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Elekeza pampu iutikise uso wa maji, ongeza jiwe la hewa, na weka feni ndogo ipulize juu ya tangi. Upepo wake unaweza kushusha joto nyuzi mbili au tatu. Stima ikikatika usiku, pampu ya hewa ya betri ndiyo itakayomfikisha asubuhi, kwa hiyo iwe nayo betri mpya.

Nne: sasa mtazame

Maji yakiwa sawa na bado samaki hayuko sawa, zima taa, ngoja dakika kumi, kisha mmulike kwa tochi kutoka ubavuni. Usimkimbize kwa kimia ili umwone vizuri. Tazama mambo mawili: ngozi yake na pumzi yake.

Chembe nyeupe zinazohesabika, kama punje za chumvi zilizomwagika mapezini na mwilini: huyo ana ugonjwa wa madoa meupe, na kangaja wa buluu huupata upesi kuliko karibu samaki wote wa tangini. Unaousababisha ni mdudu wa chembe moja. Hukaa chini ya ngozi ya samaki siku 3 hadi 7, akala, kisha hudondoka, akajifungia kwenye kifuko juu ya mchanga au jiwe, na kutoka kifukoni huja wadudu wengi wachanga wanaotafuta samaki mwingine. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Jumatatu madoa yapo, Ijumaa hayapo, mtu anamshukuru Mungu na kumpongeza muuzaji wa dawa. Wadudu hawajafa, wamehamia chini tu. Wiki ijayo watarudi wengi kuliko mwanzo.

Vumbi laini la rangi ya dhahabu au kijivu, ambalo huwezi kulihesabu, pamoja na pumzi za haraka na samaki kukimbilia mkondo wa pampu au kukimbia mwanga: huu ni ugonjwa wa vumbi la dhahabu, na ni wa kuogopwa. Huanza kwenye matamvua, hivyo wakati mwingine samaki hufa kabla vumbi halijaonekana. Una siku mbili tatu, labda pungufu.

Ute mzito unaochunika kama ngozi iliyoungua, hasa kwa samaki wa anemoni aliyekamatwa baharini: hiki ni kimelea kingine, nacho huua haraka. Dawa yake kubwa ni formalini, ambayo ni sumu kwa anayeishika pia. Mtafute daktari wa mifugo au afisa wa uvuvi aisimamie. Usiinunue uchochoroni ukaifungulia jikoni.

Macho yenye ukungu, samaki anayejikuna mawe na kutikisa kichwa, bila madoa: fikiria minyoo bapa ya ngozini. Dawa yake ni prazikwanteli, ileile wanayopewa watu kwa kichocho, lakini tafuta iliyotengenezwa kwa samaki, kwani tembe za watu zina vijazio vinavyochafua maji.

Mapezi yaliyochanika au kidonda chekundu mara nyingi ni ugomvi au maji mabaya. Maji safi hutibu mengi ya hayo. Usimwagie vidonge vya watu vya kuua bakteria, vitaua na wale wa tangi uliokuwa ukiwangojea wiki zote hizo.

Tano: kumwosha kwa maji matamu

Hii ni nafuu ya haraka kwa samaki mwenye minyoo au vumbi la dhahabu. Haimponyi, inamnunulia muda.

Chukua ndoo safi ya maji ya mvua, au ya mfereji yaliyokaa wazi yakipigwa hewa siku nzima ili klorini itoke. Joto liwe sawa na la tangi. Pandisha pH hadi 8.2 kwa bekingi soda, kidogo kidogo, ukipima. Usitumie magadi tunayolainishia kunde. Bekingi soda haiwezi kuipeleka pH mbali zaidi ya hapo, magadi huipandisha hadi kuunguza matamvua.

Mtie samaki dakika 3 hadi 5, usimwache peke yake. Ataduwaa, pengine atalala ubavu, na hilo ni la kawaida. Akianza kutapatapa bila kukoma, mtoe. Minyoo ikiwepo utaiona ikidondoka, myeupe kama magamba madogo. Kangaja ana kisu kikali kila upande wa shina la mkia, kwa hiyo mchote kwa bakuli. Kimia humnasa kisu, ukamwumiza naye akakukata.

Sita: mhamishe, mara nne

Kwa madoa meupe hii ndiyo tiba ninayoiamini, na kwa mtu wa pwani haigharimu zaidi ya jasho. Haitumii dawa. Inategemea jambo moja: mdudu akishadondoka, kifuko chake hakipasuki kabla ya siku 3. Samaki akiondoka kabla ya siku hizo kutimia, wadudu wanaachwa nyuma kwenye chombo kitupu.

Tafuta vyombo viwili vya plastiki vya lita 40 hivi, vyenye vifuniko. Kila kimoja kiwe na pampu ya hewa, kipimajoto na vipande viwili vya paipu nene za maji ili apate pa kujificha. Usiweke mchanga wala jiwe.

Siku ya 1 mtie chombo cha kwanza. Siku ya 4 mhamishie cha pili, kwenye maji mapya kabisa yenye joto na chumvi ileile. Siku ya 7 mrudishe cha kwanza, siku ya 10 cha pili. Siku ya 13 anatoka akiwa safi. Saa 72 zisipite hata mara moja. Hamisha asubuhi na mapema, maana wadudu hupenda kudondoka gizani na utawaacha wengi zaidi. Maji yale yale yasimfuate, mchukue na yaliyolowesha mwili wake tu. Chombo alichotoka kioshe kwa maji matamu, pamoja na pampu, paipu na bakuli, kisha anika vyote juani hadi vikauke kabisa. Jua la Malindi la siku moja linatosha kuwamaliza.

Amonia itapanda kidogo katikati ya siku tatu hizo kwa sababu hakuna bakteria. Mpe chakula kidogo na upime jioni ya siku ya pili. Ikizidi 0.25, badilisha nusu ya maji.

Kwa vumbi la dhahabu njia hii haitoshi. Hapo ndipo shaba inapohitajika.

Shaba, na neno juu ya mrututu

Shaba huua madoa meupe na vumbi la dhahabu ikidumu kwenye kipimo chake siku 30. Ni ya chombo cha pembeni tu. Ukiitia tangi kubwa, kamba, konokono na matumbawe watakufa, na mawe na mchanga vitaifyonza.

Nunua shaba ya samaki pamoja na kipimo chake, fuata karatasi, panda kwenye kipimo kamili kwa siku mbili au tatu, na upime kila siku. Usiichanganye na dawa za kuzuia amonia.

Wazee wetu wanaujua mrututu, ule unga wa buluu wenye shaba, kwa vidonda, na nimeshaona watu wakiudondosha kwenye tangi kwa kukisia. Tafadhali, usifanye. Kipimo cha shaba ya aina hiyo ni miligramu 0.2 kwa lita. Kwa lita 40 ni miligramu 8 za shaba, na kwa kuwa robo tu ya uzito wa mrututu ni shaba, unahitaji miligramu 32 za mrututu. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 5 hivi, zaidi ya mara 150 ya kinachotakiwa. Hakuna jicho linaloweza kupima hilo.

Maji ya shaba yakimaliza kazi usiyamwage baharini wala karibu na kisima.

Kitunguu saumu unaweza kumwekea kwenye chakula, huenda kikamfungua hamu ya kula. Mdudu hakimfanyi kitu.

Saba: tangi kubwa libaki bila samaki

Sehemu hii ndiyo ngumu kwa moyo. Samaki wote watoke, hata wanaoonekana wazima, na tangi likae tupu. Wafugaji wengi huhesabu siku 76, kwa sababu vifuko vingine huchelewa sana kupasuka. Kamba na konokono wabaki, wao hawamlishi mdudu huyu. Kila siku mbili tia chembe ndogo ya chakula ioze, ili bakteria wako wapate amonia ya kula. Kwa mwenye tangi jipya muda huu una faida mara mbili: wadudu wanakufa njaa na tangi linakomaa. Kimia kilichogusa vyombo vya wagonjwa kisiingie humo.

Wakati huo samaki waliopona wanaweza kukaa kwenye chombo kikubwa chenye sponji iliyokwisha kukomaa. Pima amonia kila siku kwa wiki mbili za kwanza.

Kuna kishawishi kimoja chetu sisi tunaokaa karibu na maji: kumpeleka mgonjwa ufuoni na kumwachia. Usimwachie. Atakuwa amebeba wadudu walioongezeka tangini, kwa wingi ambao samaki wa mwambani hawaupati kwa kawaida. Akifa, mzike mbali na maji.

Kumrudisha

Siku zikitimia, pima tena kila kitu. Amonia na nitriti ziwe sufuri kwa wiki nzima mfululizo. Linganisha chumvi ya chombo na ya tangi. Tofauti ikizidi 0.001, mchanganyie maji polepole kwa saa moja, kwa mpira mwembamba unaodondosha matone. Kisha mchote kwa bakuli, umtie tangini bila maji aliyotoka nayo.

Mrudishe jioni, taa zikiwa zimezimwa hadi kesho. Asubuhi chukua mwani wa kijani uliooshwa kwa maji matamu, ufunge kwenye kijiwe kwa uzi, ukiweke upande aliokuwa akijificha. Kaa mbali na kioo. Kangaja wangu wa pili alichukua dakika arobaini kutoka nyuma ya jiwe. Aliuzunguka mwani mara mbili, akaudonoa, akaurudia, na kufika adhuhuri uzi ulikuwa umebaki mtupu.